Vifaa vya kutoa gundi kuukuu kwenye taa za gari: kipi cha kununua Nairobi, kipi cha kuacha dukani

Ukipita Kirinyaga Road utakuta gundi nyeusi ya roli, bunduki za hewa moto na projekta za LED, zile lenzi za mwanga zinazofungwa ndani ya taa, zimepangwa kwenye kaunta moja. Muuzaji atakueleza mengi kuhusu projekta, machache kuhusu gundi mpya, na kuhusu gundi ya zamani hatasema lolote. Hapo ndipo taa nyingi zinazorembwa mjini huharibikia. Projekta ni nzuri, rangi nyeusi ya ndani imekaa vizuri, lakini mvua za Aprili zikianza kioo kinajaa ukungu kwa sababu mfereji wa gundi, yaani mtaro wa kasha la taa ambamo ukingo wa kioo unakaa, haukusafishwa. Tathmini hii ni ya vifaa vya kazi hiyo moja ya kung'oa gundi kuukuu, ambayo ndiyo inayoamua kama taa itaziba au haitaziba.

Kabla ya kutoa pesa, jua gundi uliyo nayo. Chukua sindano nene uichome kwenye ufa kati ya kioo na kasha. Butili, gundi ya aina ya mpira, ni laini, inang'ang'ania sindano, na ukivuta inatoka uzi mweusi au wa kijivu. Ile gundi ngumu ya kiwandani ambayo mafundi wanaiita permasili inabonyea kidogo kisha inajirudi, wala haitoi uzi. Silikoni hubanduka kwa ukanda na ina utelezi. Ukiikuta kwenye taa ya gari lililotoka Japani, mara nyingi ni dalili kwamba kuna mtu aliwahi kuifungua na kuifunga kwa haraka.

Geuza kasha pia usome maandishi madogo yaliyopigwa muhuri nyuma. Kasha huwa na PP au PP-T40, yaani polipropilini, na kioo huwa na PC, yaani polikaboneti, kwani taa za siku hizi hazina kioo halisi. Namba za kukumbuka ni hizi: butili inalegea vizuri kuanzia nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi na ikifika 100 inavutika, fremu ya ndani ikiwa ya plastiki ya ABS inaanza kupinda karibu na hizo 100, kioo cha polikaboneti kinalegea karibu na 147, na kasha la polipropilini linayeyuka karibu na 160. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na kila kifaa hapa chini kinapimwa kwa jinsi kinavyokuweka ndani yake.

Bunduki ya hewa moto ndiyo inayonunuliwa zaidi. Luthuli, Ngara na hadwea za Industrial Area zimejaa zile za wati 2,000 zenye swichi ya hatua mbili: ya kwanza hutoa hewa ya nyuzi 300 hadi 350 hivi, ya pili hufika karibu 600. Hatua ya pili isahau kabisa, ni ya kubabua rangi ya mlango. Hata ile ya kwanza ni moto mno kwa taa, ndiyo maana mdomo wa bunduki unakaa sentimita 12 hadi 15 kutoka kwenye ufa na mkono hautulii mahali pamoja. Pasha kipande cha sentimita 20 kwa dakika mbili au tatu, fungua hapo, kisha songa mbele. Ukikaa sekunde kumi sehemu moja utaona vipovu vidogo vyeupe ndani ya kioo chenyewe. Huo ni unyevu uliokuwa umefyonzwa na polikaboneti, sasa umechemka. Vipovu hivyo haviondoki kwa msasa wala kwa dawa ya kung'arishia, kwa sababu haviko juu, viko katikati ya plastiki. Kioo kimekwisha.

Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuongeza kidogo, acha ya hatua mbili uchukue yenye kioo cha namba na kitufe cha kupanga joto. Ipange 200 hadi 250 na kosa la mkono halitakugharimu taa. Chukua pia mdomo bapa, maana ule wa duara unasambaza joto hadi kwenye uso wa kioo ambako hulihitaji. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 ni zaidi ya ampea 8. Ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kwenye roli yake inapata moto na kuyeyuka. Ifungue yote.

Kwa kufungua taa nzima, hata hivyo, bunduki inashindwa na oveni ya umeme. Oveni inapasha gundi yote kwa pamoja, ndipo kioo kinapotoka bila kupindishwa. Toa kwanza balbu, vifuniko vya mpira, mota ya kupandisha na kushusha taa, vibanio vya chuma na kila skrubu inayoshika kioo. Hesabu skrubu mara mbili, kwa kuwa ile moja iliyojificha pembeni ndiyo inayovunja sikio la kioo ukianza kuvuta. Washa oveni mpaka itulie kwenye nyuzi 100, weka ubao mkavu juu ya waya ili plastiki isiguse chuma, ingiza taa kwa dakika 8 hadi 10. Usiamini namba za kwenye kitufe. Oveni za nyumbani hukosea kwa nyuzi 10 au 20 kwa urahisi, kwa hiyo kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza ndani ni cha lazima. Ukitoa taa una dakika moja na nusu ya kufanya kazi kabla gundi haijashika tena. Anzia pembeni, penyeza kabari, vuta taratibu. Ikikataa, irudishe dakika 5, usiongeze nguvu. Oveni hiyo isirudi jikoni. Tafuta iliyotumika, iwe ya kazi hii tu.

Jiko la mkaa na tochi ya gesi ni vya kuacha. Moto wake unatoka upande mmoja, na kasha linapinda kabla gundi ya upande wa pili haijapata habari. Kumwagia maji ya moto nako hakufai, hapa Nairobi hasa. Mji uko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na yakifika chini ya mfereji yameshapoa chini ya kiwango unachotaka. Isitoshe, unaingiza maji ndani ya taa ambayo lengo lako ni kuikausha.

Sasa kioo kimetoka. Wengi huweka chombo chini hapa, wakaanza kupiga rangi, na gundi inaachwa ipoe. Hilo ni kosa ghali. Dakika tano za kwanza, kasha likiwa bado na joto, ndizo zinazotoa gundi nyingi zaidi kuliko saa nzima ya kukwangua baadaye. Shika ncha ya gundi kwa koleo lenye mdomo mrefu, uivute kufuata mfereji, mkono ukiwa chini karibu sambamba na kasha. Ukivuta kwenda juu inakatika. Ukiivuta kwa kulala inatoka kamba ndefu na kubeba na zile nyuzi zilizoshika kuta. Ikianza kukatika, piga hewa moto kidogo mbele ya pale unapovuta, siyo pale ulipofika.

Vifaa vya mkono vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii ni vya aina tatu, na ubora wake unatofautiana sana.

Seti ya kabari za nailoni, zile za kutolea dashibodi, inafaa kufungulia tu. Kwenye nyuzi 100 ncha zake zinalegea na kupinda, kwa hiyo ukikwangulia mfereji utakuwa unapaka gundi badala ya kuitoa. Chukua seti yenye kabari pana mbili au tatu, hizo nyingine hutazitumia.

Seti ya ndoano nne za chuma zenye mpini ndiyo ununuzi bora kuliko wote hapa. Ile iliyopinda nyuzi 90 inaingia kwenye kona za mfereji ambako hakuna kingine kinachofika. Kasoro yake ni ncha. Zinauzwa zikiwa kali kama zilivyotoka kiwandani, nazo zinachora mitaro kwenye polipropilini. Kila mtaro ni njia ya maji chini ya gundi mpya. Zipige tupa mpaka ziwe butu, kisha zisugue kwa msasa wa namba 400. Ni kazi ya dakika kumi.

Patasi ndogo au bisibisi bapa inasafisha sakafu ya mfereji, sharti iwe nyembamba kuliko mfereji wenyewe. Pima kwanza, mifereji mingi ina upana wa milimita 6 hadi 10, na bisibisi ya milimita 5 iliyopigwa tupa pembe zake inatosha. Kisu cha kukatia karatasi kibaki kwa ulimi wa kioo peke yake, yaani ukingo wake unaozama kwenye mfereji, na makali yaelekee nje. Kwenye kasha kinachonga plastiki.

Baada ya kamba kutoka utabaki na utando na vipande vidogo vilivyonata. Hapo huhitaji kununua chochote. Finyanga donge la gundi ile ile uliyoitoa, libonyeze kwenye mfereji, libandue kwa haraka, rudia. Donge linakomba mabaki kama tonge la ugali linavyokomba mchuzi sahanini, kwa sababu butili inashikamana na butili kuliko inavyoshika kitu kingine. Likijaa vumbi, chukua jipya. Njia hii haichori plastiki, haimwagi dawa, na inafika mahali ambapo ndoano inapita tu.

Je, usafishe mpaka wapi? Inategemea unafunga na nini. Kama unarudisha butili, utando mwembamba unaong'aa na usio na vumbi unaweza kubaki, kwa kuwa gundi mpya ikipashwa moto itaungana nao. Kama una vumbi, mchanga au nyuzi za kitambaa, toa. Kama unabadilisha aina ya gundi, plastiki lazima ibaki tupu kabisa. Na kama kulikuwa na silikoni, hakuna cha kujadili, toa yote hadi chembe ya mwisho, maana juu ya silikoni hakishiki kitu isipokuwa silikoni nyenzake.

Kwenye dawa ndiko hatari ilipo. Thina ya rangi isikaribie taa. Asetoni na toluini zilizomo zinashambulia polikaboneti, na ubaya wake ni kwamba nyufa mara nyingine hazionekani siku hiyo. Zinajitokeza baadaye kioo kikipata joto la balbu na mtikisiko wa barabara. Petroli inayeyusha butili kweli, lakini inaipaka kila mahali, inaweza kupasua kioo vivyo hivyo, na mvuke wake karibu na bunduki ya hewa moto ni moto wa gereji. Mafuta ya taa yanalegeza gundi lakini yanaacha mafuta, na juu ya mafuta hakuna gundi itakayoshika.

Kinachokubalika ni hiki: waiti spiriti kidogo kwenye kitambaa kilichokamuliwa, ndani ya mfereji wa kasha pekee, kisha uache kukauke. Kioo hakiguswi nayo. Mwisho pitisha pombe ya isopropili, ya asilimia 99 ukiipata, kwenye mfereji na kwenye ulimi wa kioo. Pombe hii haiyeyushi butili, na anayekuuzia kwa ajili ya kuyeyushia gundi hajaitumia. Kazi yake ni kuondoa mafuta ya vidole na mabaki ya spiriti. Sanitaiza ya jeli usiitumie badala yake, ina viungo vinavyoacha utando. Spiriti ya duka la dawa soma kibandiko chake kwanza, maana nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika.

Na wakati wote huo, rifleka, ile sehemu ya ndani inayoakisi mwanga, isiguswe. Ule mng'ao ni tabaka la alumini nyembamba kuliko unavyoweza kuona, na kitambaa kimoja cha pombe kinaufuta. Itoe kabla ya kusafisha kama inatoka. Kama haitoki, ifunike kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila selotepu kugusa sehemu inayong'aa.

Permasili ni habari nyingine. Joto linailegeza kidogo tu, halitaifanya ivutike, kwa hiyo inakatwa. Kifaa chake ni mashine ya umeme yenye wembe bapa unaotikisika huku na huku, ukiwa umepasha ufa kwa bunduki. Mabaki kwenye mfereji yanachongwa kwa mashine ndogo ya kusaga ikizunguka polepole. Ukiongeza mwendo polipropilini inayeyuka, inajaa kwenye jino, na unabaki na mfereji wenye mabonde. Vaa miwani. Toa hadi kina ambacho ulimi wa kioo unazama kama ulivyokuwa, jaribu mara kadhaa ukiwa mkavu kabla ya gundi. Ni kazi ya saa nyingi kwa kila taa, na uwezekano wa kuvunja kioo ni mkubwa kiasi kwamba hatushauri kuianza kabla hujajua utapata wapi taa nyingine. Kwa gari ambalo spea zake ni adimu, acha kabisa.

Gundi mpya, ile ya roli, huuzwa kwa kamba za mita 4.5 au 5, unene wa milimita 9 hivi. Zungusha uzi kwenye mfereji upime. Taa nyingi za magari madogo huchukua mita 1.2 hadi 1.6, hivyo roli moja inatosha jozi na kubakiza. Fungua boksi ukiwa bado dukani. Nzuri inashika kidole bila kuacha vipande na ukiivuta inakuwa uzi mwembamba kabla ya kukatika. Ikikatika ghafla, au karatasi yake imelowa mafuta kwa kukaa juani dirishani, irudishe. Ule utepe wa butili wenye karatasi ya fedha wa kuzibia mabati usikubali uuziwe kama mbadala. Umetengenezwa kulala juu ya uwazi bapa na hautajaza mfereji. Silikoni inayonuka siki nayo ina asidi inayotoka ikikauka, na mvuke wake ukifungiwa ndani ya taa unaila rifleka. Hata isiyonuka haishiki vizuri kwenye polipropilini. Silikoni kwenye taa ni kumwachia tatizo atakayefungua baadaye.

Kama kazi unampa fundi, iwe Kirinyaga Road, Ngara au Kariobangi, mwulize mambo matatu: anapasha kwa kifaa gani, anafunga kwa gundi gani, na je, atakuonyesha mfereji kabla ya kufunga. La tatu ndilo muhimu zaidi. Fundi mzuri hatakasirika. Kufungua taa ya butili ni kazi ya dakika 20. Kusafisha mfereji wake sawasawa ni saa moja au zaidi. Ukiambiwa jozi nzima itakuwa tayari kwa nusu saa, ujue gundi ya zamani haitaguswa. Angalia pia kazi inafanyikia wapi. Kando ya barabara yenye matatu, vumbi linatua kwenye gundi ya moto ndani ya dakika chache, na pikipiki moja ikiondoka kwa kasi inatosha kuharibu mfereji uliokuwa safi.

Wakati wa kufunga, matundu ya kupumulia, vile vibomba vya mpira au vibandiko vyeupe vya nyuma, yasizibwe. Watu huyaziba wakidhani wanazuia maji. Ukishuka kutoka Nairobi hadi Mombasa shinikizo la hewa linaongezeka kwa karibu robo; taa isiyo na tundu itavuta hewa hiyo yenye unyevu kupitia sehemu yoyote dhaifu ya gundi, na ikishaingia haina pa kutokea.

Pasha tena kwenye oveni dakika 8, bana kwa vibanio pande zote, rudisha skrubu, uache ipoe ikiwa imebanwa. Kisha jaribu kabla ya kurudisha bampa. Kwa jaribio hili tu, ziba tundu zote isipokuwa moja, pitisha maji ya sabuni kwenye mshono, puliza kwa mdomo kupitia kibomba, siyo kwa kompresa, ambayo inaweza kufumua mshono ulio mzima. Povu likitokea, weka alama hapo. Taa ikishafungwa kwenye gari, washa dakika 20 kisha mwagia maji baridi: hewa ya ndani ikipoa inavuta kwa nguvu, na ukungu utaonekana kwanza karibu na sehemu inayovuja. Kama ni kona moja, pasha kona hiyo tu, bana upya, huna haja ya kufungua taa yote.